3.0 au 3.5 kwa mashindano ya kwanza?

Kaka, kama unajiuliza uingie daraja la 3.0 au 3.5 kwenye mashindano yako ya kwanza ya tenisi huko Marekani (namba ikipanda, wachezaji ni wakali zaidi), mi kwa ulivyoeleza ningeanza 3.0. Achana na hiyo forihendi yako ya nguvu, lile pigo la kiganja mbele, kila mtu anayo siku ikikubali, we angalia sevu ya pili, yaani nafasi ya mwisho ya kuanzisha mpira: ya kwanza ikigonga neti, inayofuata unaipiga kweli au unaisukuma tu huku unaomba Mungu iingie? Mi mara ya kwanza nilijipa 3.5 kwa sifa zangu, nikakutana na mzee mmoja goti limefungwa bandeji, anarudisha kila mpira, nikala 6-1 6-0 na hata jasho halikumtoka. Ila usijishushe makusudi hadi 2.5, ukiwanyanyasa watu ule mfumo wa kupanga madaraja, NTRP, wa chama cha tenisi cha Marekani (USTA) unaweza kukupandisha wenyewe, na wenzako watakununia.