Kuzima runinga hakukuzima habari

Je, serikali ikizima runinga, habari hukatika? La, hazikukatika Kenya vituo vya runinga vilipozimwa tarehe 30 Januari 2018, siku ambayo kiongozi wa upinzani Raila Odinga alijiapisha kuwa “rais wa wananchi” katika bustani ya Uhuru Park jijini Nairobi. Serikali ilizima mitambo ya NTV, KTN na Citizen, lakini vituo hivyo viliendelea kupeperusha matangazo kupitia YouTube na kurasa zao za mitandao ya kijamii. Hapa Kondele, Kisumu, niliona watu wamezunguka simu moja iliyoegemezwa kwenye kioo cha kinyozi, huku runinga iliyokuwa juu yake ikiwa haina picha. Jambo la kuudhi zaidi ni kwamba Mahakama Kuu iliagiza vituo virejeshwe hewani tarehe 1 Februari, na bado serikali ikakawia kwa siku kadhaa kutii amri hiyo, ingawa Kifungu cha 34 cha Katiba ya 2010 kinalinda uhuru wa vyombo vya habari.

Hata hivyo, intaneti si ngome kamili, kwa sababu anayeshika swichi ya runinga anaweza pia kuyaamrisha makampuni ya simu: majirani zetu wa Uganda walikatiwa intaneti nchi nzima Januari 2021, katika mkesha wa uchaguzi mkuu, wakakaa siku kadhaa bila mawasiliano hayo. Tena bando ni pesa, kwa hiyo mwenye redio pekee kijijini hakufikiwa na YouTube.