Kisima kipumzike maadamu kijito kinatiririka

Ndugu yangu, usimlipe fundi huyo. Umeeleza kwamba kisima chako cha bondeni hapo Pemba, mita 200 hivi kutoka mikokoni, hupungua maji kila kiangazi, kwamba fundi amekushauri ukichimbe zaidi na ununue pampu kubwa, na umeuliza mipira gani ya kumwagilia kwa matone inafaa kwa tungule (nyanya). Mimi nililima upande wa Wete, nikaambiwa maneno hayo hayo, nikayafuata.

Kisima changu kilikuwa na kina cha mita 7, na maji yake tulikuwa tukiyanywa. Yalipopungua mwezi wa Januari, fundi wangu alisema kwamba maji yapo tele huko chini, kilichobaki ni kuyafuata tu. Tukachimba hadi mita 24, tukatia pampu ya umeme, nikawa ninaiwasha tangu alfajiri hadi adhuhuri. Wiki ya tano ncha za vitunguu zikaungua, tungule zikapukutisha maua, nami nikidhani mimea ina kiu nikazidisha kumwagilia, na kwa kufanya hivyo nikalimaliza shamba lililobaki. Nilipokuja kuyaonja maji yale, yalikuwa ya chumvi, na matuta yalipokauka yalifanya utando mweupe.

Fundi yule alilipwa, na alipaswa kunieleza kwamba katika visiwa kama vyetu maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, huelea juu ya maji ya bahari yaliyopenya ardhini, kwa kuwa ni mepesi zaidi. Kwa kukadiria, kila mita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari ina mita 40 nyingine chini yake. Kwa hiyo ukiyashusha maji ya kisima kwa nusu mita na kuendelea kuvuta, chumvi inaweza kupanda mita 20 kukufuata. Lita moja ya maji ya bahari ina gramu 35 hivi za chumvi, na sehemu 3 tu katika 100 zikichanganyika na maji yako, kitunguu huanza kudhurika. Kwangu, kuongeza kina kulikuwa kuisogelea bahari.

Kinachonichoma zaidi ni kwamba kijito kilipita hatua themanini kutoka shambani, na baada ya masika kiliendelea kutiririka miezi mingi, nami nikakiacha kimwage maji baharini huku nikivuta ya kisima, kwa sababu swichi ilikuwa karibu. Tumia maji ya juu kwanza, na kisima ukiwekee akiba ya kiangazi. Kinga kijito kwa viroba vya mchanga, baada ya kukubaliana na wenye mpunga walio chini yako, uyajaze maji bwawani. Kijito kikikauka, vuta kisima kwa muda wa saa moja asubuhi na muda wa saa moja jioni, kwa pampu ndogo, na uyapime maji kila wiki kwa kipima chumvi cha mkononi. Kipimo kikianza kupanda, zima siku hiyo hiyo, hata kama tungule zina maua.

Kisima changu kile sijakivuta misimu mitatu sasa, na maji yake bado yana chumvi.