Je, ni kweli ukoo wa Rothschild unamiliki benki zote duniani?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Nililetewa ujumbe kwenye simu kwamba ukoo wa Kiyahudi wa Rothschild ndio wenye benki zote duniani, na ulitajirika kwa kuzua habari za vita vya Waterloo. Niliwarushia wenzangu wa darsa. Nimekosea?

JIBU: Wa alaykumu s-salaam warahmatullah. Ujumbe huo nami umenifikia zaidi ya mara moja, kila mara umeongezwa chumvi.

Mzee wao, Mayer Amschel, alizaliwa Frankfurt mwaka 1744, katika Judengasse, kichochoro cha Mayahudi ambacho malango yake yalifungwa usiku na Jumapili. Kumiliki shamba au kuingia vyama vya mafundi walikatazwa. Kilichobaki ni uchuuzi na kubadilisha fedha. Yeye alianza na sarafu za kale, akimuuzia mtawala wa Hesse-Kassel, nchi ndogo ya Ujerumani. Wanawe watano wakaishika miji mitano: Frankfurt, Vienna, London, Naples na Paris. Siri yao ni hapo: unaweka fedha kwa ndugu mmoja, unalipwa na mwingine mbali huko, mfano wa hawala.

Ama Waterloo, vita vya 1815 alimoshindwa Napoleon wa Ufaransa, Nathan, yule mwana wa London, hakuwepo. Kisa hicho cha kutajirika kwa habari za vita kilienezwa na kijitabu cha chuki kilichotoka Paris mwaka 1846, Nathan akiwa kaburini miaka kumi. Na hizo "benki zote"? Ya Naples ilifungwa 1863, ya Frankfurt 1901, ya Vienna ikaporwa na Wanazi 1938, ya Paris ikataifishwa 1982. Mwenye kumiliki dunia hanyang'anywi benki yake.

Simsafishi mtu. Mwaka 1835 Nathan alishiriki kuikopesha Uingereza pauni milioni 15 za kuwafidia mabwana wa watumwa. Watumwa wenyewe hawakupata kitu. Hilo liseme, ni kweli. Na riba ni haramu, aile Myahudi au aile Alhaji. Akina Baring nao walikuwa mabenki wakubwa London, Wakristo, na sijaona ujumbe wowote juu yao.

Soma Suratun Nisaa, aya ya 105 hadi 112. Wafasiri wengi wameeleza kuwa mtu wa Madina aliyejiita Mwislamu aliiba deraa (vazi la chuma la vitani), akamsingizia Myahudi, na jamaa zake wakaja kwa Mtume (s.a.w.) kumtetea mwizi. Wahyi ukateremka kumtakasa yule Myahudi. Allah anasema mwenye kutenda kosa kisha akamsingizia asiye na kosa, amejitwika dhulma na dhambi iliyo wazi. Kisa hiki hakitajwi sana mimbarini, sijui kwa nini.

Ndiyo, umekosea: habari hukuichunguza, na Suratul Hujurat aya ya 6 imeamrisha uchunguzi. Toba yako haitimii kwa istighfari peke yake, maana uongo bado uko kwenye simu za watu. Waandikie wale wale uliowarushia, kwa jina lako, kwamba habari ile si kweli.

Wallahu a'lam.