Kundi la watu saba, wawili ndio wanaofanya kazi

Mdogo wangu wa Bagamoyo, umesema mko wanafunzi saba mnaoandika pamoja kuhusu magofu ya Kaole: wewe na mwenzako mnafanya kila kitu, mmoja anaamrisha, wengine kimya. Inaumiza, lakini usiwaite wavivu bado. Mfaransa Max Ringelmann, aliyepima watu wakivuta kamba, alionyesha katika andiko lake la 1913 kwamba kadiri kundi linavyoongezeka, juhudi ya kila mmoja hupungua. Kazi ya wote hukosa mwenyewe.

Basi kila kazi ipeni jina la mtu. Huyu aende Kaole akapige picha za misikiti na makaburi, yule akamhoji mzee wa mtaani, mwingine ahakiki miaka. Anayeamrisha mpeni uhariri, ila uwe wa zamu, wiki ijayo ashike mwingine. Hapo ndipo penye ugomvi, kwa hiyo kubalianeni mapema.

Wale wakimya waulize mmojammoja, faragha. Mara nyingi mtu kanyamaza kwa sababu aya yake ilifutwa bila kuambiwa kosa. Kama ndivyo, mrudishieni aiandike upya mwenyewe.