Bastola inadunda mdomo chini baada ya kila risasi: anza na springi

Umesema bastola yako ya aina ya 1911, ya inchi 5, ya 9mm, ina springi ya kurudisha slaidi (sehemu ya juu inayokwenda nyuma na mbele kila risasi) ya pauni 16, mdomo unazama slaidi ikifunga, na risasi ya mwisho haiachi slaidi wazi. Springi ni nzito mno. Pauni 16 ndiyo ya kawaida kwa risasi kubwa ya .45, lakini risasi zako za greini 124 (kipimo cha uzito) zikienda futi 1,030 kwa sekunde zinatoa nguvu 127.7 tu (zidisha greini kwa futi, gawa kwa 1,000), juu kidogo ya 125 ya Minor, daraja la chini la nguvu katika mashindano ya kulenga shabaha ya IPSC.

Shuka pauni mbili mbili: 14, 12, kisha 11 au 10. Kila hatua, weka risasi moja tu kwenye magazini, fyatua kwa mkono mmoja uliolegea kiasi. Slaidi ikibaki wazi kila mara, nguvu ya risasi inatosha kuisukuma springi hiyo. Halafu piga mbili mbili haraka ukitazama saiti ya mbele: ikirudi pale pale ilipotoka, simama hapo. Wengi hushuka kupita kiasi kwa kupenda ulaini. Springi hafifu mno huacha slaidi igonge fremu kwa nguvu, na bastola ikichafuka, slaidi haifungi hadi mwisho.

Kabla ya kubadilisha, toa magazini, kagua chemba kwa jicho na kidole. Vaa miwani, maana plagi ya mbele (kizibo kinachoshikilia springi) ikiponyoka huruka usoni.

Trigger usiiguse kwanza. Kusugua sia (kipande kinachoshikilia nyundo) bila jigi, yaani kifaa cha kukishika kwa pembe sahihi, kunaweza kufanya bastola ijifyatue yenyewe slaidi ikifunga. Hiyo mpe fundi mwenye leseni.