Mkuu, kabla hujahesabu vichwa vya habari, hotuba nzima ya meya unayo?

Hapana mkuu, simama hapo hapo. Unataka kupima jinsi magazeti ya Marekani yalivyowaandika mameya weusi na wazungu, na umeuliza uchukue magazeti mangapi, miaka mingapi, programu ipi ihesabu maneno, na kama vichwa vya habari vinatosha. Havitoshi! Mimi vilinila mwaka mzima.

Sura moja ya tasnifu yangu ilimhusu Coleman Young, meya wa kwanza mweusi wa Detroit. Januari 1974, akiapishwa, aliwaambia wauza unga na vibaka wahame mji, waifuate Eight Mile. Hiyo barabara ni mpaka wa kaskazini wa jiji, na ng'ambo yake enzi hizo waliishi wazungu kwa wingi. Nikaokota kipande hicho tu gazetini, nikajaza kurasa 40 kuthibitisha kwamba meya aliwapelekea wazungu wezi wake. Wengi wa ng'ambo ndivyo walivyomsikia, nami nikabeba kama nilivyokuta.

Siku ya kutetea tasnifu, mama mmoja kwenye jopo, miwani imemshukia puani, akauliza taratibu: "Na sentensi inayofuata, mwanangu?" Kimya. Akaisoma mwenyewe. Young alisema hajali kama ni weusi au weupe, wamevaa suti za kitapeli au sare za bluu zenye beji za fedha. Sare za bluu, mkuu. Polisi! Na mpinzani ambaye Young alimwangusha uchaguzini Novemba 1973, John Nichols, alikuwa kamishna wa polisi. Meya anawaonya hadi askari, mimi nimeshaandika vita ya rangi. Jasho lilifika kwenye soksi. Kurasa zote 40, kapuni.

Aliyeniponza ni kaka mmoja aliyenitangulia chuoni, eti "kichwa cha habari ndiyo habari yenyewe." Simwombei mabaya, viatu vimbane tu.

Na hizo programu zenu! Yangu ilihesabu kila "White" kuwa ni rangi, wakati Boston ilikuwa na meya Kevin White kuanzia 1968 hadi 1984. Kwenye jedwali langu Boston ilionekana haina mazungumzo mengine.

Hotuba kwanza, mkuu, nzima, na makofi yake. Weka gazeti pembeni, piga mstari pale mhariri alipokata, uone kilichobaki nje. Fanya hivyo kwa meya mweusi mmoja na mzungu mmoja, kwa mkono. Kama hotuba bado huna, hiyo programu ifunge kwanza.