Utando si chekeche: kwa mnaoanza kupima tando za ioni

Utando wangu wa kwanza wa kubadilishana ioni ulinipa upendeleo wa 0.87 (1 ni utando unaopitisha ioni za chaji ya aina moja tu), nikamwandikia msambazaji malalamiko makali. Utando ulikuwa mzima. Mwenye kasoro nilikuwa mimi.

Kipimo chenyewe ni chepesi. Upande mmoja wa utando unaweka kloridi ya potasiamu ya moli 0.1 kwa lita, upande wa pili moli 0.5, halafu unasoma volti. Chumvi hii imechaguliwa kwa sababu potasiamu na kloridi hutembea kwa kasi inayokaribiana. Utando unaopitisha chaji ya aina moja tu hutoa volti yote ya kinadharia. Unaovuja hutoa pungufu. Nilisoma milivolti 36, nikagawanya kwa 41.3, namba inayotoka ukiingiza 0.5 na 0.1 moja kwa moja kwenye kanuni ya Nernst, inayokadiria volti kutokana na tofauti ya ukolezi, katika nyuzi 25. Nilichosahau ni kwamba ioni zikisongamana huvutana, hazitendi kazi kwa idadi yake yote. Ukitumia aktiviti, yaani ukolezi unaotenda kazi kweli, badala ya ukolezi ulioandika kwenye chupa, kigawanyo ni kama 36.9, na upendeleo unakuwa karibu 0.98. Barua ya kuomba radhi ilikuwa ngumu kuandika kuliko ile ya kwanza.

Jambo jingine mlangoni hapo hapo: elektrodi mbili za rejea, zile unazosomea volti pande mbili za utando, hazifanani hata zikitoka boksi moja. Soma, zibadilishe pande, soma tena, chukua wastani wa ukubwa wa namba mbili hizo.

Sasa tuje kwenye picha ambayo karibu kila mgeni huja nayo kichwani, ya chekeche: ioni ndogo hupita, kubwa hubaki. Itupe. Ndani ya utando kuna chaji zilizofungwa kwenye plastiki, kwa mfano sulfonati zenye chaji hasi. Ioni hasi ikipiga hodi inakuta wenyeji wa chaji ileile, inasukumwa nje. Ioni chanya inakaribishwa. Mkemia Donnan alieleza jambo hili mwaka 1911. Ila ukali wa mlinzi hupungua kadiri maji ya nje yanavyozidi chumvi, kwa hiyo utando uliong'ara kwenye moli 0.1 usiuahidie kazi ileile kwenye maji ya bahari.

Shida ya kweli inaanza ioni zikiwa na chaji ileile. Mimi nilijifunzia kwenye floraidi, ioni hasi ile inayopaka meno rangi ya kahawia kwa watu wa kuzunguka Mlima Meru. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya huko huvuka hapo. Lengo langu lilikuwa kuivuta kwa umeme itoke majini kupitia utando wa ioni hasi, ambao chaji zake zilizofungwa ni chanya. Nikatengeneza maji ya maabara: maji safi na floraidi ya sodiamu, basi. Matokeo yalipendeza mno. Nilipoleta maji ya kisima, floraidi ilikaa palepale huku kloridi ikishuka haraka.

Sababu ni maji yaliyoizunguka ioni. Floraidi yenyewe ni ndogo, lakini imejifunika maji na kuyashika kwa nguvu: kuyavua kunahitaji nishati ya kilojuli 465 hivi kwa moli, wakati kloridi ni kama 340. Kuingia kwenye utando ni lazima uvue sehemu ya joho hilo. Basi naitreti na kloridi hutangulia, floraidi hufuata. Na maji ya Meru yamejaa bikaboneti ya sodiamu, nayo inachukua sehemu kubwa ya umeme unaolipia. Siku hizi kabla sijagusa utando naorodhesha kila ioni hasi iliyomo na kiasi chake. Kila mara jiulize maswali mawili, nani anaruhusiwa kuingia na nani akishaingia anatembea upesi, kwa sababu majibu yake hayalingani.

Usijaribu kufidia kwa kuongeza volti. Ioni zikiisha kando ya utando, maji yenyewe hupasuka kuwa asidi na alkali. Upande uliokolea, yaani ioni zinakohamia, pH hupanda, na kama kuna kalsiamu utaona tabaka jeupe la chokaa limeganda. Nilishawahi kulikwangua kwa kucha, mdogo wangu, nikatoboa utando.

Utunzaji ni mambo machache: usiuache ukauke, utando wa ioni hasi usiuoshe kwa alkali kali, na uloweke kwenye chumvi utakayopimia usiku kucha, ukibadilisha maji mara kadhaa. Ukipima floraidi kwa elektrodi, ongeza myeyusho wa kutuliza wenye pH kati ya 5 na 5.5. Pungufu ya hapo floraidi hujificha kwenye asidi yake. Ukizidisha sana, haidroksidi huidanganya elektrodi, nawe utasherehekea au utalia bila sababu.